Dirisha Lililopungua Kiganja

Matombo, 8 Machi 1953

Kwa mdogo wangu Leonard,

Tumsifu Yesu Kristu. Hujambo huko Dar es Salaam? Sisi huku hatujambo, ila baridi yabisi inamsumbua Mjomba Kibwana miguu.

Akina mama wa kigango tumeuza njegere misimu miwili, na Padri amekubali tuagize dirisha la vioo vya rangi, lenye Bikira Maria, upande wa benchi la Mjomba. Padri alitaka kuandika Ulaya liletwe kutoka huko. Nikasimama mbele ya watu, mimi mwoga unayenijua, nikasema mdogo wangu yupo kwenye karakana ya vioo, aagizwe yeye.

Nimekusukia ukili wa miyaa, kama wa mkeka. Urefu wake ndio urefu wa tundu la dirisha ukutani, na fundo linaonyesha upana.

Miaka mitano hatujaonana. Nikichuma njegere kwenye shamba la mama nazungumza na wewe peke yangu. Wapita njia wanadhani akili imeniruka.

Dada yako,
Bernadeta

Dar es Salaam, 2 Aprili 1953

Dada, shikamoo. Milele na amina.

Mimi mzima wa mwili. Ukili umefika. Kabla ya kupimia niliunusa, unanukia nyumba yetu, nikakaa chini kwanza.

Bosi amekubali nilitengeneze mwenyewe, kuanzia kukata vioo mpaka kuviunga kwa vipande vya madini ya risasi. Bikira nitamvika buluu. Miguuni pake nitaweka maua ya njegere, kwa ajili ya mama.

Nisalimie Mjomba, kama anapokea salamu zangu. Bado namsikia siku ile nilipofika mama ameshazikwa, kwa sababu nilibaki kumalizia kazi ya watu. "Kazi ndiyo mama yako," aliniambia. "Rudi kwake. Hapa utaingia siku kazi itakapokuita." Hakuna aliyenitetea, hata wewe dada, na sikulaumu, neno la mjomba ni neno la ukoo. Lakini nikiisikia treni ya Morogoro ikipiga honi, naweka nyundo chini mpaka ipite.

Mdogo wako,
Leonard

Dar es Salaam, 20 Septemba 1953

Dada, shikamoo. Natumaini mvua za vuli hazijaanza huko.

Dirisha limeondoka kwa treni, ndani ya sanduku lililojazwa majani makavu. Yule Mikidadi mwenye duka Mkuyuni atalipokea stesheni ya Morogoro. Likishapachikwa niandikie upesi. Likiwa na kasoro yoyote, hata ndogo, fundi wake ni mimi. Nakaa nikingoja.

Mdogo wako,
Leonard

Matombo, 15 Novemba 1953

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Hujambo? Sisi tuna furaha isiyo kifani.

Wanaume walilibeba sanduku kwa miti kutoka Mkuyuni, na kwenye kila mteremko nilikuwa nikiwapigia kelele mpaka wakanichoka. Jua lilipopita kwenye ile buluu, Paskalia, mwenzetu wa njegere, alilia kwa sauti. Mjomba alilitazama muda mrefu.

Sasa nikuambie kwa siri. Lilipungua kiganja kizima upande wa chini. Usiwe na wasiwasi, nimekusitiri. Nilisema kosa ni langu, ukili ulilowa ukanidanganya. Gabrieli seremala amepaziba kwa ubao wa mninga, vizuri kabisa, huwezi kujua. Kwa hiyo usijisumbue kuja. Maua ya njegere sikuyaona, labda kioo kilikwisha.

Dada yako,
Bernadeta

Dar es Salaam, 21 Februari 1954

Dada, shikamoo.

Nisamehe ukimya. Kila nikishika kalamu naiweka.

Dada yangu, kwa nini umenisitiri vizuri hivyo? Ukili wako ulikuwa sawasawa. Dirisha nililitengeneza vipande viwili, kimoja kirefu, kimoja cha kiganja, nami nikatuma kile kirefu tu. Nilitaka lipungue. Nilitaka mtu aseme fundi aitwe. Mjomba alisema kazi iniite, nami sikuwa na kazi nyingine ya kuniita huko. Oktoba yote niliweka nguo zangu kwenye mfuko, tayari. Kisha barua yako ikaja na ubao wa mninga.

Kile kipande kipo chini ya kitanda changu. Ndicho chenye maua ya mama. Nina hamu ya nyumbani, dada.

Mdogo wako,
Leonard

Matombo, 22 Machi 1954

Mdogo wangu Leonard,

Tumsifu Yesu Kristu. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikachukua jembe la palizi nikaenda kanisani nikaung'oa ule ubao. Gabrieli hasemi na mimi mpaka leo.

Masika yameanza. Jumapili mvua iliingia pale chini ikamlowesha Mjomba bega zima, na hakuhama. Misa ilipokwisha akauliza, "Fundi wa dirisha hili ni nani?" Nikasimama tena mbele ya watu. Nikasema, "Ni mpwa wako, Mjomba." Alijifuta bega kwa kofia yake, taratibu, kama vile hakuwa akijua siku zote. Kisha akasema, "Basi aitwe."

Mfuko wako usiufungue tena. Njoo na maua ya mama, mvua inaingia.

Dada yako,
Bernadeta