Mwanangu Anasema Ninamfukua Baba Yake

Bi Odette mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimeelemewa, naomba unishike mkono kwa shauri, maana hapa kwetu kila ninayeweza kumweleza ni rafiki wa mwanangu. Mimi ni mjane, mume wangu Leon Hruska alikuwa mkulima wa mahindi hapa Nebraska, akapatwa na ule ugonjwa unaolegeza misuli kidogo kidogo mpaka kuvuta pumzi nako kunakuwa kazi, na madaktari wakatuambia hauna dawa, lakini chuo kikuu kilikuwa na utafiti uliolipiwa na serikali kuu, naye akajiunga huku akijua hatapona. Kila wiki alikuja nyumbani binti mmoja, Tamsin Oyler, anayesomea shahada ya uzamivu, kumpima nguvu za mikono kwa kifaa cha kubana, na Leon hakuacha utani, "Leo nakivunja hicho kidude chako, binti," naye anamjibu, "Kivunje tu, mzee, serikali itaninunulia kingine," wakacheka, na hata siku mkono uliposhindwa kabisa kubana alimwambia, "Andika sifuri, usione haya. Yuko mtu ataihitaji."

Leon alifariki vuli iliyopita, na Tamsin hakuacha kuja, tunakula kolache, vile vimkate vitamu vya kwetu vyenye plamu ndani, na kumzungumzia marehemu, nikajiona nimepata binti ukubwani. Majira ya kuchipua profesa wake akanipigia kwamba ruzuku inakwisha na Bunge linajadili kupunguza fedha za utafiti na posho za wanafunzi kama Tamsin, akaniomba twende naye ofisi ya mbunge wetu nikasimulie habari za Leon, nikakubali, lakini asubuhi ile ile mwanangu Curtis, ambaye sasa ndiye analima shamba letu, akaja jikoni akaniambia, "Mama, baba amezikwa. Usimfukue ukamtembeze kwa wanasiasa. Sisi akina Hruska hatuombi." Basi nilipofika pale, kijana wa ofisi akaniuliza kwa adabu, "Nimwambie nini mheshimiwa, mama?" nikakumbuka neno la Curtis, nikaishia kuzungumza habari za mvua, yule kijana akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, tukatoka, na profesa hakunilaumu, bora angenilaumu.

Bunge likapunguza zile fedha, na ruzuku haikuongezwa. Maabara imefungwa, na Tamsin ameajiriwa kukagua ubora kwenye kiwanda cha viazi vya kukaanga huko Idaho. Alikuja kuniaga, nikamwambia yaliyonipata siku ile, akasema, "Usijitese, Bi Hruska. Hata ungesema, huenda ingekuwa hivi hivi," lakini Bi Odette, usiku silali kwa hiyo "huenda". Sasa mbunge mwenyewe anakuja ukumbi wetu wa kaunti mwezi wa nane kusikiliza wananchi, profesa ameniomba tena, na Curtis anasema nikisimama pale yeye atatoka nje mbele ya watu. Nifanye nini, nami sina mtoto mwingine?

Mjane wa Hruska

*

Mama Hruska,

Pole sana. Pole ya Leon, na pole ya binti uliyempata ukubwani akachukuliwa na viazi.

Kwanza nikutoe kwenye "huenda". Sikudanganyi: Tamsin harudi. Aliyekwisha kupanga nyumba Idaho na kuzoea mshahara harudi darasani kwa sababu mjane mmoja amepata sauti. Pengine siku ile ungesema na bado wasisikie. Hutajua, na hakuna shauri langu litakalokujulisha. Lilie hilo, unayo haki. Lakini usiligeuze kuwa sababu ya kunyamaza mara ya pili, maana hapo nitakulaumu, tena bila haya.

Sasa Curtis. Ana uchungu wa baba, na mtu mwenye uchungu hukamata neno lililo karibu. Yeye amekamata "hatuombi". Mwulize kwa upole, mkiwa mezani: mbegu ya mahindi anayopanda ilianzia wapi? Onyo la dhoruba linalomfanya aingize trekta ghalani, nani alilisomea mpaka akalijua? Ni kodi zenu, mama, zilizosomesha watoto wa watu miaka mingi kabla yake. Kumwuliza mbunge kodi yako imekwenda wapi si kuomba. Na kuhusu kufukua: Leon mwenyewe ndiye aliyetoa mkono wake upimwe. Hukumtembeza, alitembea.

Fanya hivi. Mwambie Curtis mapema kwamba utasema, asikie kwako, si kwa majirani. Mwambie akitaka kutoka atoke, na chakula chake utamwekea. Usimpe masharti, wala usikubali yake. Takwimu mwachie profesa, wewe hukuzaliwa nazo. Simama, taja jina la mumeo, eleza alivyojiunga akijua hatapona, na kwamba binti aliyekuwa akimpima sasa anakagua viazi. Kisha mwulize mheshimiwa atapigaje kura fedha hizo zikirudi Bungeni, unyamaze mpaka ajibu. Akizungumza habari za mvua, uliza tena.

Huenda usishinde. Lakini mkikaa kimya wote, atarudi Washington aseme watu wake hawakuuliza, na atakuwa amesema kweli.

Odette