Siku Ukoo Ulipoketi Ndani ya Simu

Baba mpendwa,

Kaa vizuri hapo ulipo, maana leo nina habari na mdomo wangu hauna breki. Naolewa! Ndiyo, mimi, yule uliyekuwa ukisema ataolewa na vitabu vyake. Mwanamume anaitwa Kasereka. Watu wake wametoka Butembo, naye anauza misumari na mabati hapa Bunia. Ungempenda, ingawa ungejifanya humtaki kwa wiki moja hivi.

Lakini si ndoa peke yake inayonifanya nishike kalamu. Ni jinsi nilivyotolewa kwa wakwe. Nilitolewa ndani ya simu, baba, na si simu uliyoijua wewe: ni hii inayopita kwenye intaneti.

Nakumbuka kibanda chako cha phonie pale Iga Barrière, ile redio ya kuongelea uliyoiendesha kwa betri ya gari kabla minara ya simu haijafika kwetu. Nilikuletea chai, nawe ulinikalisha kwenye kigoda karibu yako. Mtu akitaka kuongea na nduguye wa Mongbwalu, alishika kipaza sauti, akapiga kelele, na soko zima likasikia kwamba mbuzi amekufa au mke amejifungua. Ulikuwa mkali kama mwalimu. "Mutu mumoja anasema," uliwaambia. "Akimaliza, aseme à vous, kisha anyamaze." Aliyesahau à vous, yaani zamu ni yako, ulimnyang'anya kipaza sauti hata mbele ya mama mkwe wake.

Kisha simu za mkononi zikaja, phonie ikafa, na watu wakadhani utanuna. Wapi! Ulikuwa wa kwanza kupanda juu ya kichuguu kutafuta réseau, yaani mtandao, mkono juu, shati likipepea. Nilikuuliza kama huionei huruma mashine yako. "Sauti iko kama maji," ulinijibu. "Inapita penye inapata njia." Betri ya gari ukaiuza wiki iliyofuata.

Basi sikiliza. Tangu ulipotutoka, na mimi na mama tukakimbilia huku Bunia, mtaa wa Bigo, anayesimama mahali pako ni mdogo wako, baba mdogo Ngabu. Yeye alirudi Iga kulima. Wakwe walipanga kuja kwetu Jumamosi, naye aje anitoe. Alhamisi barabara ikafungwa. Sababu unazijua, ni bunduki zilezile. Wazee wa Kasereka walikuwa wamekwisha kufika kutoka Butembo, nao ni watu wa neno moja: baba asiposema, hakuna ndoa, wanarudi zao. Mimi niliogopa, baba, niliogopa sana.

Tukampigia baba mdogo simu ya kawaida, ile ya kununua unité, yaani salio. Akakataa katakata. "Mutoto hapana muzigo ya kutuma kwa gari," alisema. "Nitamutoa namna gani kama..." na unité ikaisha. Tukaongeza. Akaanza methali, ikakatwa kabla haijafika mwisho. Tulipompata tena alikuwa amekasirika kweli. "Munaona? Simu gani hii inakamata muzee ku shingo wakati anasema mambo ya maana!"

Hapo mdogo wangu aliyeko Kampala akapata wazo. Jirani wa baba mdogo, mama mmoja muuza maharage, ana simu kubwa yenye mégas, yaani data za intaneti. Tuingie wote kwenye simu moja ya intaneti: Kampala, Iga, na sisi sebuleni pamoja na wakwe. Baba mdogo alinung'unika, lakini akaenda kwa jirani.

Baba, ilikuwa soko! Mdogo wangu anasalimia, mama anaita "Allô! Allô!", mzee wa Kasereka anauliza habari za mvua, wote kwa pamoja, na hakuna aliyesikia neno la mwenzake. Mara sauti ya baba mdogo ikapasua chumba: "Kimya! Mutu mumoja anasema! Akimaliza, à vous!"

Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo, maana ilikuwa tabia yako tupu. Na watu wakatii! Mzee wa Kasereka, na kofia yake na fimbo yake, alimaliza hotuba ndefu, akainamia simu, akasema "à vous" kwa adabu zote. Nadhani hapo ndipo moyo wa baba mdogo ulipolainika. Aliongea alivyotaka, methali juu ya methali, kila moja mpaka mwisho wake. Kisha akaniita.

"Weye binti, huyu kijana unamupenda, ao banakusukuma?"

"Ninamupenda, baba. À vous."

"Basi, siye tumekutoa. Kwenda na baraka."

Vigelegele vikalia Bigo, vikalia Iga, na vya Kampala vikafika vimechelewa kidogo. Mama alicheza na mwiko mkononi.

Tangu siku ile mtaani wanabishana. Vijana wanasema simu ya unité iko njiani kwenda ilikokwenda phonie. Mama anawacheka: kasimu kake ka vitufe kanakaa na chaji siku nyingi, na mégas zikiisha, hako ndiko kanakomwita muuguzi. Mimi naona vyote viwili vina kazi bado, ila sitaficha, hiki kipya nakishangilia. Nampigia mdogo wangu nikipika, naweka simu kando ya sufuria, tunaongea upuuzi mpaka ugali unaiva. Zamani tulisalimiana mbio mbio kama wezi. Natamani ungekuwepo ukaona.

Sasa nikuambie lililobaki. Watu walipotoka kwenye simu, nilikuta baba mdogo bado yumo.

"Uko?" aliuliza.

"Niko, baba."

"Usikate. Niko natembea kidogo."

Nilisikia viatu vyake kwenye matope, mlango wa ua, mbwa wa mtu. Alitembea polepole kama wazee wanavyotembea, nami sikumharakisha. Baadaye akasimama, akahema.

"Niko kwa kaburi ya baba yako," alisema. "Naweka simu hapa chini. Sema na ye weye mwenyewe."

Unajua sijaweza kufika hapo tangu tulipokimbia. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yakanikimbia. Nilisema tu, "Baba, naolewa." Kisha nikasikia upepo kwenye mikaratusi, kuku akiwaita vifaranga wake, na baba mdogo akijikohoza kwa mbali ili nisidhani ameondoka. Tulikaa hivyo muda mrefu, sisi watatu, kimya, na simu haikukatika.

Maneno yaliyonikimbia siku ile ndiyo haya. Pumzika, baba.

Binti yako, kifungua mimba