Kwa Mama Verna, Aliyeanza na Mkanda wa Tatu

Mwaka umepinduka, Mama, tangu ile tarehe mbili Novemba ulipotutoka. Siku mbili tu kabla yake ulikuwa umetuonyesha filamu yako ya mwisho ya Halloween, umekaa kwenye kiti cha magurudumu, mrija wa hewa puani, ukitufokea tuzime taa ya barazani. "Mnaogopa giza, na mimi nipo?" Tukazima.

Wengine huandikiwa gazetini kwamba walikuwa wapole. Wewe hatukusingizii. Huruma ulikuwa nayo, tena tele, lakini ulikuwa mbishi kupita kiasi. Ulipoomba kazi ya kuendesha projekta katika sinema ya mjini, meneja alikuambia mikono yako midogo. Ukamuuliza, "Kwani mikanda inabebwa kwa masharubu?" Ukakaa miaka ishirini na miwili katika kile chumba cha juu.

Sinema ilipofungwa na vitu kutupwa nje, ulikwenda na toroli ya bustani, ukarudi na projekta moja ndogo na makopo matatu ya filamu. Baba alikupokea mlangoni, akacheka mpaka akashika mbavu.

Ndani ya makopo hayo alikuwamo fundi saa wetu, kwenye filamu kuukuu ya rangi nyeusi na nyeupe. Mkanda wa kwanza anakunywa kahawa na mkewe. Wa pili anakufa, anazikwa mvuani. Wa tatu anatoka kaburini na udongo kwenye ndevu, anabisha hodi nyumba hadi nyumba, na watu wanakimbia ovyo.

Kila Halloween, usiku wa mwisho wa Oktoba, watoto wa mtaa wakishamaliza kuzunguka na vinyago vyao kuomba peremende, walijaa uani kwetu, nawe ukammulika fundi saa kwenye ukuta wa gereji. Sheria ilikuwa moja: anayefumba macho hapati tufaha lililochovywa kwenye sukari ya kuungua. Mtu akikuuliza kwa nini usitafute filamu ya rangi, ulimwambia, "Rangi ni ya kucha, mwanangu. Hapa tumekuja kuogopa."

Halafu ukaja mwaka 1986. Tulimzika Baba Jumanne, na Halloween ilikuwa Ijumaa. Majirani walikuja kukusihi. "Verna, mwaka huu pumzika. Mjane anaonyesha maiti ukutani, watu watasemaje?" Ukawajibu, "Waje waone kwanza, ndipo waseme." Ukaenda kuchemsha sukari.

Lakini akili yako ilikuwa bado makaburini, Mama. Sisi tuliona. Makopo uliyapanga juu chini, ukaanza na mkanda wa tatu. Fundi saa akatoka kaburini kabla hajafa. Watu uani wakaanza kunong'ona, wewe ukaendelea kama hujasikia. Ukaweka wa pili, akafa, akazikwa. Ukaweka wa kwanza, na huyo hapo, mzima, mezani, anamsogezea mkewe kikombe. "Mimina tena," anasema, "bado nipo." Mkanda ukaishia hapo.

Mwanao Dwight alikuwa na miaka tisa. Alivua kinyago chake akauliza kwa sauti, "Mama, kumbe hajafa?"

Ukasema, "Hajafa. Nani kasema kafa?"

Tangu siku ile hukuirudisha filamu kwenye mpangilio wake. Mtaalamu mmoja wa filamu alikuja mara moja, akakueleza kwa upole kwamba umekosea. Ulimpa tufaha, ukamwambia akakosoe kwao.

Sasa sikia ya mwaka huu. Bi Gretchen Haas, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, alituletea barua. Filamu za wafu zinatia watoto hofu, ilisema. Mwaka huu wote waende ukumbini kutazama katuni za rangi, taa zikiwa zinawaka. Taa zikiwa zinawaka, Mama! Binti yako Rosalyn aliisoma mara mbili kwa sababu alidhani ni utani.

Akamfuata Bi Gretchen mpaka kwake. "Ukuta wa nani ule?"

"Ni wenu, lakini unaangalia barabara."

"Basi barabara ifumbe macho."

Hata hivyo, aliyetuumiza hasa hakuwa Bi Gretchen. Alikuwa Dwight wako. Alishuka na makopo kutoka darini, akayaandika namba kwa rangi nyeupe, moja, mbili, tatu. "Mara moja tu tuionyeshe inavyotakiwa," alisema. "Kwa heshima yake."

"Inavyotakiwa na nani?" Rosalyn akamkaripia. "Ukianza na la kwanza, utamalizia na kaburi. Ndiyo heshima hiyo?"

Dwight akafuta brashi yake, akatoka. Wiki nzima hawakusemezana. Tulijua kwamba akiweka kopo la kwanza kwanza, utakuwa umekufa kweli, na hatungekuwa na la kufanya.

Ilipofika siku yenyewe, tulidhani uani tutakuwa sisi kwa sisi. Wakaja watoto kumi na mmoja, wamezitoroka katuni, na wazazi wao nyuma yao wakijifanya wanawatafuta. Bi Gretchen naye akaja kukagua, akasimama kando ya ua, mikono kifuani. Dwight aliinama kwenye projekta muda mrefu, ametugeuzia mgongo. Rosalyn akazima taa ya barazani.

Ukutani likatokea kaburi, na mkono unachomoza.

Tulipiga kelele mpaka mbwa wa mtaa wakaitikia. Bi Gretchen alikaa mpaka mwisho, ila tufaha hatukumpa. Alifumba macho, tulimwona.

Na fundi saa aliposogeza kikombe na kusema "bado nipo," Dwight wako, ndevu zishaingia mvi, alisimama mbele ya watu wote, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Hajafa," alisema. "Nani kasema kafa?"

Hakuna aliyesema.

Unakumbukwa na wanao Rosalyn na Dwight, mkweo Colleen, mjukuu wako Janelle aliyekula matufaha mawili, na mdogo wako Ludmila, ambaye mpaka leo hufumba jicho moja na kudai kwamba hilo halihesabiwi. Ukuta wa gereji hatuupaki rangi. Daima tutakukumbuka, Mama, kuanzia mkanda wa tatu.