Waya Mweusi

Mchombe,
12 Juni 2024

Kwa Kaka Sylvester,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mang'ula, na kwamba kibanda chako cha kutengeneza simu kinapata wateja. Sisi huku hatujambo kiasi. Mama magoti yanamsumbua tangu mvua za Aprili, ila anatembea. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na Levina, anayesafiri kuja huko, amekubali kukukabidhi mkononi.

Mpunga tumevuna, lakini haba. Kwelea kwelea wametumaliza. Mama ameamia ndege peke yake msimu mzima, akitikisa makopo tangu alfajiri mpaka jua linazama, kwa magoti yale yale. Roboti tuliyoijenga ili apumzike ilikaa chini ya kitanda changu tangu ulipoondoka.

Siku ile najua hujaisahau. Kikundi chote cha wakulima kilisimama kwenye majaruba na roboti haikusogea. Nyumbani ilikuwa inatembea vizuri: bodi ya kichwa inaona ndege, inaiambia bodi ya magurudumu iende. Shambani bodi hizo mbili hazikuelewana. Kwenye kompyuta yako zilitoka alama za ajabu tu, vijisanduku na viulizo. Ulikagua kasi ya mawasiliano, ikawa sawa pande zote. Ukabadilisha kwenye programu njia ya kutuma na ya kupokea, ukarudisha. Mwisho ukasema tubandue boksi nililoliziba kwa gundi, tuhesabu nyaya, ukaniuliza kama zote zipo. Nikajibu zipo, nimezifunga mwenyewe. Hapo mwenyekiti Kelestini akasema basi hakuna cha kuhesabu, bodi mpya iliyonunuliwa na kikundi umeibadilisha ukaweka kuukuu, na siku za mwizi ni arobaini. Mama akainamisha kichwa. Hakukutetea, na najua hilo ndilo lililokuondoa.

Kaka, na mimi nina kinyongo changu. Mwaka mzima ulinifanya wa kushika tochi na kulehemu. Nilipouliza waya mweusi una kazi gani, ikiwa mmoja unatuma na mwingine unapokea, ulicheka ukasema nitaelewa nikikua. Nina miaka ishirini na miwili.

Sasa nakwambia nililolificha. Asubuhi ile kamba ya makopo ilikuwa imeoza, mama akataka kitu cha kufungia. Boksi lilikuwa bado wazi. Nikang'oa waya mweusi nikampa, kisha nikaziba. Nilidhani hauna kazi. Lakini uliponiuliza mbele ya watu nilijua mmoja haupo. Niliogopa kuchekwa. Walipokuita mwizi nilikuwa na nafasi ya kusema, sikusema. Nilikuwa nayo tena ulipokuwa unafunga begi, nikaenda kuchota maji.

Juzi tukifungua makopo shambani niliukuta, plasta yako nyekundu bado imeuzunguka. Nikaurudisha mahali pake na roboti ikatembea hapo hapo. Kila bodi ilikuwa na betri yake, na waya ule ndio uliozipa msingi mmoja wa kupimia umeme. Bila huo moja inasema na nyingine haijui imesemwa nini. Basi nimeelewa, nimekua. Nilikaa kwenye mabua nikalia, na kilio chenyewe kilinichukiza.

Mama hajui. Kila tukila ananisifu kwamba angalau amebakiwa na mtoto mmoja mwaminifu, nami nainuka kuosha vyombo. Jumapili kikundi kinakaa baada ya misa. Nitasimama niseme, yeye akiwepo. Sikuombi urudi, wala sina uso wa kukuomba msamaha kwa karatasi.

Nisalimie wifi Noela na watoto. Mama angekusalimu kama angejua naandika.

Waya nimeung'oa tena, umo humu ndani ya bahasha. Ukae nao wewe. Najijua: ukibaki kwangu mpaka Jumapili, nitapata pa kuuficha.

Mdogo wako,
Agnella