Nimeacha Ugali, Mama Nekesa

Mpendwa Mama Nekesa,

Kabla sijasema neno, shika kitu. Nimeacha ugali. Mimi mwenyewe, yule uliyekuwa ukisema kwamba nikipasuliwa nitakutwa na gunia la unga mahali pa maini. Nimeacha na chapati, na mandazi, na mkate, na hata uji. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kile kigoda chako cha jikoni, maana viti vya sebuleni vimekuwa vikubwa mno kwa mtu mmoja.

Mwenye kuniachisha ni binti yako. Nacheka nikiandika hivyo, kwa sababu unakumbuka jina nililompa. Kwetu, Nekesa ni mtoto aliyezaliwa watu wakiwa shambani wakivuna. Nafaka ndiyo iliyompa jina, naye leo ndiye mshtaki wake mkuu.

Ilianza na tumbo. Baada ya kukupeleka Bungoma na kurudi hapa Mraru, huku kwenu Taita, tumbo langu lilianza kujaa kama puto la harusi. Nikila linajaa, nisipokula linajaa. Mchana nalala kama mlinzi wa usiku, ilhali usiku wenyewe nimelala. Nikadhani ni huzuni, nikaiacha itembee. Lakini Nekesa alipokuja kutoka Nairobi na kuona mkanda wangu umesogea upande wa kunenepa huku mashavu yamesogea upande wa kukonda, alisimama mlangoni na mkoba wake begani, hata hakuuweka chini.

“Baba, unakula nini?”

“Nakula.”

“Sijauliza kama unakula. Nimeuliza nini.”

Unaona alivyokurithi. Nikamwambia ukweli: asubuhi chai na mandazi ya Mama Mutua wa hapo barabarani, mchana chai na mkate, jioni chai na chapati ya Mama Mutua huyohuyo. Ugali nilikuwa nimejaribu mara chache, nikashindwa. Ugali wa mtu mmoja hausongeki. Unga ukiwa kidogo, mwiko unakwaruza chini ya sufuria mpaka unajihurumia. Ukiwa mwingi, unabaki, na kiporo cha ugali asubuhi kinakutazama kama mgeni aliyenyimwa kitanda.

Basi akatoa simu. Humo ndani mna mzungu mmoja mwenye mikono kama mapaja yangu, anaapa kwamba alipotupa nafaka zote jalalani magoti yalipona, usingizi ukarudi, na akili ikang'aa. Adui anaitwa gluteni. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilidhani ni mmoja wa wale Wajerumani waliopigana upande wa Taveta enzi za babu. Kumbe ni ile nguvu ya ngano inayofanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Mzungu akaendelea kusema kwamba babu zetu hawakula nafaka. Nikamuuliza, kupitia simu ya watu, babu wa nani? Babu yangu alikula wimbi na mtama mpaka akazikwa na meno yake yote. Hao wa kwenye simu huongea tu, kusikia hawasikii.

Nekesa hakucheka. Aliweka simu chini, akasema polepole, “Baba, niko siriazi. Jaribu. Ukipata nafuu, sawa, utakaa hapa. Usipopata, nafunga nyumba hii na tunaenda wote Nairobi. Siwezi kupigiwa simu na majirani kwamba nimepoteza na wewe.”

Hapo mzaha ukaniisha mdomoni. Watu huniuliza kwa nini sirudi Bungoma, na kwa nini siendi kwa Nekesa, nami huwaambia nina kuku. Nina kuku wanne, Mama Nekesa, na mmoja wao haoni vizuri. Unajua na mimi najua kwamba siyo kuku. Sufuria zako ziko hapa. Kanga yako bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango, na upepo ukivuma inafanya kama inataka kutoka. Nikifungiwa nyumba hii nitakukuta wapi?

Kwa hiyo nikakubali. Tukaenda kwanza Voi, zahanati, daktari mwanamke kijana mwenye sauti ya kuchoka. Akanitoa damu ikapimwe Mombasa, akataka itolewe siku hiyohiyo kabla sijaacha ngano, kwa sababu ukishaiacha kipimo huweza kudanganya. Kisha Nekesa akarudi kazini, na mimi nikaanza maisha bila nafaka.

Mama Mutua aliniona nikipita bila kusimama. Siku ya kwanza aliendelea kugeuza mandazi yake. Siku ya pili akaita mbele ya wateja, “Mzee! Mandazi yangu imekukosea nini?”

“Haijanikosea, mama. Nimekatazwa ngano.”

“Na nani? Kanisa gani hiyo?”

Nikaendelea na safari yangu, lakini ukifikiria vizuri hakuwa amekosea sana. Kuna waumini, kuna mhubiri, kuna dhambi, na ushuhuda upo. Sokoni Voi nimekuta kijana anauza unga wa muhogo kwenye pakiti ya kung'aa, ameandika kwamba hauna gluteni. Muhogo, Mama Nekesa! Muhogo ambao nyanya yako alikuwa akiung'oa huko milimani Mwanda bila kujua kwamba ameshika dawa. Nikasimama pale nikiishika ile pakiti, na ghafla nikawa kijana, niko Mwanda, nimevaa koti la kuazima, nimekuja kujitambulisha kwenu.

Unakumbuka ukungu wa siku ile? Nilitoka joto la mashamba ya mkonge huku chini, nikafika kwenu meno yakigongana. Sijala tangu alfajiri. Mama yako akaleta sahani ya kitu kilichopondwa, muhogo na maharagwe, kizito, kinatoa moshi. Kimanga. Sikuwahi kukiona. Nikala chote, nikaongezewa, nikala. Kisha nikakaa wima, mikono juu ya magoti, macho mlangoni, nikisubiri. Baba yako akamaliza hadithi zake. Ukungu ukashuka, ukapanda. Wewe ukanifuata uani ukaninong'oneza, “Mbona hujaaga? Wanataka kufunga ng'ombe.”

Nikakunong'oneza, “Sijala bado.”

“Hujala? Sahani mbili?”

“Nasema chakula. Nangoja chakula.”

Kwetu, mtu akisema amekula, ana maana ya ugali. Vingine vyote ni njiani. Mtu anaweza kula ndizi mkungu mzima na kuku juu yake, ukimuuliza akakwambia analala njaa, na haongopi. Sikujua kwamba mahali pengine watu hula na kumaliza bila ugali. Ulifunika mdomo kwa kanga, lakini kicheko kikatokea masikioni. Mama yako akauliza ndani kuna nini, nawe, bila huruma hata chembe, ukamwambia. Nikamsikia yule mama, ambaye kwa adabu ya kwetu sikupaswa hata kumtazama usoni, akisema, “Huyu ana tumbo au ana ghala?”

Tukaoana hivyohivyo. Na tangu hapo, miaka yote, kila ulipopika kimanga ulikuwa ukisubiri nimalize, unifutie sahani kwa jicho, kisha uulize, “Baba Nekesa, umekula, au bado?” Nami nilitakiwa kusema, “Bado.” Ndipo ucheke, utoe sahani. Mzaha mdogo, hauna hata chumvi ukisimuliwa kwa mgeni. Lakini naona nyumba hujengwa kwa vitu kama hivyo kuliko kwa mawe, maana mawe yapo yote na nyumba haipo.

Sasa, mtu aliyekatazwa nafaka atakula nini hapa Taita? Nilitafuta majibu mengi ya kiburi, nikarudi kwenye muhogo. Nikanunua, wa kawaida, usio na pakiti. Mara ya kwanza nilisonga kimanga kama ugali, kwa nguvu za Bungoma, moto chini, nikatoa tofali. Kuku walilizunguka wakaondoka; yule asiyeona vizuri ndiye aliyejaribu. Mara ya pili nikakumbuka mkono wako: ulikuwa ukikiponda kwa mwiko taratibu, ukikiinamia kama unakiambia siri, na maji ya maharagwe unaongeza kidogo kidogo. Nikakaa kwenye kigoda chako kwa sababu hakuna urefu mwingine unaofaa kazi ile. Kikatoka. Hakikuwa chako, ila kilikuwa jirani yako.

Na tumbo likatulia. Nakwambia ukweli, sitii chumvi ili nimfurahishe mtu. Mkanda ukarudi mahali pake, mchana nikawa macho. Nikaanza kujiona kama yule mzungu wa kwenye simu, nikiwatazama majirani wakibeba unga kama watu waliobeba baruti. Hata ndovu walipoingia shamba la jirani wakamaliza mahindi, nilijikuta nawahurumia ndovu.

Majibu ya damu yakafika. Daktari akayasoma, akaniangalia.

“Mzee, huna ule ugonjwa. Wapo watu ambao ngano ni sumu kwao kabisa, hao hata makombo tunawakataza maisha yao yote. Wewe si mmoja wao.”

“Lakini nimepona.”

“Ulikuwa unakula nini?” Nikamwambia: chai, mandazi, chai, mkate, chai, chapati. Akaandika, kalamu ikasita. “Na sukari kwenye hizo chai?”

“Ipo ipo.”

“Na sasa?”

“Muhogo, maharagwe, mboga, omena.”

“Nani anapika?”

“Mimi.”

“Unakula umekaa?”

Swali gani hilo, nikajiuliza, lakini nikajibu ndiyo, kwenye kigoda. Akavua miwani. “Basi mzee, sijui kama kilichokuponya ni ngano iliyotoka au ni chakula kilichoingia. Kuna matumbo hayapendi ngano nyingi hata bila ugonjwa, inawezekana lako ni hilo. Rudisha kimoja kimoja tuone. Anza na ugali. Mahindi hayana hiyo gluteni.”

“Hayana?”

“Hayana.”

“Hata kidogo?”

“Mzee, hata kidogo.”

“Sasa ugali niliuacha kwa kosa gani?”

“Muulize aliyekuachisha,” akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Kwa hiyo jana nimepika ugali. Nilijiandaa kama mtu anayempokea ndugu aliyetoka jela kwa kusingiziwa. Nikanunua unga, nikachuma sukuma wiki, nikakaanga omena. Nikatumia sufuria yetu ya watu wawili, potelea mbali. Ukatoka mzuri, mgumu wa kushikika, nikaugeuza kwenye sahani ukakaa kama kilima cha Mwanda bila ukungu. Nikanawa. Nikakata tonge, nikalibonyeza kwa kidole gumba. Nikala mpaka mahali pa kushiba, nikapapita.

Nikangoja tumbo. Tumbo kimya. Halikujaa, halikuguna. Ushahidi wote ukaanguka na ugali ukaachiwa huru.

Nilipaswa kufurahi, lakini nilibaki pale na mkono unakauka unga, nikijikuta nimekaa wima, mikono juu ya magoti, macho mlangoni. Nikajiuliza, wewe mzee, unangoja nini? Umeshakula.

Simu ikalia. Nekesa. Alikuwa ameshaambiwa na daktari, unajua hana subira.

“Baba, umepika ugali?”

“Nimepika.”

“Tumbo?”

“Halina neno.”

Akashusha pumzi ndefu, nikasikia pikipiki za Nairobi nyuma yake. “Kwa hiyo hakuna kufunga nyumba. Sawa. Nilikosea mahindi, nisamehe. Lakini mandazi bado tunaiangalia. Kwa hiyo leo umekula?”

Mama Nekesa, sikupanga. Neno lilitoka lenyewe.

“Bado.”

Nikasikia kicheko, kile chako, cha kufunikwa na mkono na kutokea pembeni, na katikati yake kikavunjika. Kisha akasema, “Nakuja Jumamosi. Nunua muhogo. Utanionyesha, maana mimi sikuwahi kumwangalia akipika.”

Nimeununua. Uko hapa miguuni pangu, una udongo bado.

Kitu kimoja ndicho kinanizunguka kichwani. Wewe, mtu wa kimanga, umelala Bungoma katikati ya mahindi, na mimi, mtu wa ugali, nimebaki huku kwenu nikiponda muhogo. Kila mmoja yuko jikoni kwa mwenzake, na mwenyewe hayupo. Shemeji yako alinipigia akasema mahindi ya mwaka huu yamepanda juu ya kaburi lako mpaka halionekani kutoka barabarani. Mimi nalikumbuka lilipo.

Watu wangu waliolala huko ni wakarimu, nawajua. Wakikuletea chochote, pokea, usiwaaibishe. Lakini wakikuuliza kama umekula, waambie bado.

Wako wa sahani mbili,
Baba Nekesa