Mkaja Kwenye Kamba

Jumatano. Mawingu tangu alfajiri. Joto limetulia, mvua haishuki.

Wewe uliyefungua ukurasa huu, nakuomba kwa heshima zote: usome, na yaishie hapa hapa. Usimtumie mtu. Usimsomee hata dada yako. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja hapa Raskazone, Tanga, kazi yangu ni kutunza majalada, na najua kwamba jalada likishagongwa muhuri wa siri ndipo kila mtu hupata sababu ya kupita mezani kwangu. Kwa hiyo muhuri sigongi. Naomba tu.

Majina nimeyabadili. Mitaa nimeshindwa kuibadili.

Nina miaka ishirini na sita na nina kitambi.

Si kwamba sijafanya kitu. Huu ni mwezi wa nane natembea kwa miguu asubuhi kutoka Nguvumali hadi kazini, viatu vya ofisi nimevibeba kwenye mfuko. Jioni naruka kamba chumbani mpaka shangazi, ambaye naishi kwake, anagonga ukuta. Nimeacha chapati, nimeacha vitumbua, nimeacha soda. Bada nayo nimeiacha, na asiyekulia Tanga hawezi kujua maana ya kukaa mbele ya ule ugali wa muhogo na mchuzi wa papa, kisha ukala mchicha.

Vyote vimepungua isipokuwa tumbo. Mashavu yameingia ndani, mifupa ya shingo imetokeza, pete inanivuka kidoleni. Tumbo liko palepale, la mviringo, kama mgeni asiyejua kuaga. Daktari alilibonyeza huku na huku, akapima alivyopima, akasema sina ugonjwa wowote, ni umbo la ukoo. Shangazi analo. Baba alikuwa nalo.

Lakini uso uliokonda juu ya tumbo lililobaki, watu wa hapa wanausoma kwa namna moja tu.

Mwezi uliopita mama mmoja wa ofisini, mwenye roho nzuri kabisa, aliniwekea kifurushi cha gazeti mezani. Ndani mlikuwa na udongo, ule wa kutafuna wanaoupenda wajawazito. Akaninong'oneza, "Usione haya, mwanangu. Mimi yule wa tatu nilimaliza debe zima." Nikasema ahsante. Nikautia kwenye droo. Niliona nikikana nitaonekana nakana.

Hapo ndipo nilipoukumbuka mkaja wa mama.

Kwetu mwanamke akishajifungua hufungwa tumbo kwa kitambaa kirefu, akae nacho siku arobaini, ili tumbo lirudi. Huo ndio mkaja. Mama alifariki nikiwa kidato cha tano, na mkaja wake shangazi aliuweka sandukuni pamoja na kanga zake. Mama alikuwa mwembamba mpaka mwisho. Wenzake wakimuuliza, alikuwa akisema ni mkaja tu, na mkono wa bibi aliyeukaza.

Nikafikiri kama karani: kifaa kilekile, matokeo yaleyale.

Wiki tatu nimeufunga kila asubuhi chini ya gauni. Haukupunguza kitu. Nilijua tangu wiki ya kwanza, kwa sababu nina futi ya fundi cherehani na futi haina huruma. Lakini niliendelea, na sababu yake sijamwambia mtu. Mama hakuzaa mwingine. Kitambaa kile kilifungwa kwa ajili yangu tu, juu ya nafasi niliyoiacha mimi. Nikiukaza asubuhi nilihisi nimeshikwa. Kuna siku nilichelewa kazini kwa kukaa tu ukingoni mwa kitanda, nimejifunga, nimefumba macho.

Nina hamu na mama yangu.

Jumapili niliufua, maana ulikuwa umejaa jasho. Shangazi alikuwa msibani Muheza. Mkaja huanikwa ndani, au hufichwa chini ya kanga nyingine. Hilo nalijua, hata mtoto wa kike wa miaka kumi analijua. Lakini mawingu yalikuwa haya haya, chumbani usingekauka, nami nilitaka kuufunga Jumatatu. Nikauanika uani, peke yake, mweupe, mrefu, kutoka mlango wa choo hadi ukuta wa jirani.

Jirani huyo, nimwite Mama Zuhura, akaja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alikuwa anatazama kamba.

"Hee! Mkaja wa nani huo?"

"Wa mama," nikasema. Ni kweli tupu.

Akanitazama uso, akanitazama tumbo, akarudi usoni. "Wa mama yako, Mungu amrehemu. Kwani kajifungua lini huko aliko?"

Nikacheka. Nikiogopa huwa nacheka, ni ugonjwa wangu tangu shule. Akabeba mbuzi, akaenda zake. Mpaka leo hajairudisha.

Sasa niseme linalonikosesha usingizi.

Kuna mtu amenichumbia. Nimwite Bakari. Ni mpishi kwenye nyumba moja ya wageni Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani. Ijumaa hii baada ya swala wazee wake walikuwa waje kwetu kupanga siku ya ndoa. Jumatatu jioni mshenga wao alimpigia shangazi simu: wazee wanasubiri kwanza, kuna maneno yamefika Ushongo. Mama Zuhura ana dada yake ameolewa huko. Ijumaa watakaa wenyewe kwa wenyewe, waamue kama posa ibaki au irudi.

Shangazi hakunifokea. Aliniita, akaniketisha, nikamweleza yote, mkaja na sababu yake. Kisha akasema, "Kesho twende hospitali wakupime. Tuwapelekee karatasi, wasome wenyewe."

Mimi naishi kwa karatasi. Naziamini kuliko watu. Lakini hii niliitazama pande zote, nikaona haifai. Kabla ya Jumapili walisema nina mimba, na karatasi ingenisafisha. Sasa wameona mkaja. Wanasema nimeshazaa nikaficha, au nimeitoa. Karatasi ikisema sina mimba, itakuwa imewaunga mkono.

Nilipomweleza shangazi hivyo, alijibu, "Basi wafe nalo!" akainuka kwenda jikoni. Nikamsikia anapenga kamasi huko.

Bakari hajapiga tangu Jumatatu. Si kawaida yake. Nina ujumbe wake wa sauti wa wiki iliyopita, mfupi, hauna maana yoyote, anaeleza walivyopata samaki mkubwa, kolekole. Nyuma yake kikaango kinalia. Katikati anasema, "Ngoja, vitunguu vinaungua," halafu kuna kimya, halafu anarudi. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Nausikiliza kwa ajili ya kile kimya, kwa kuwa najua atarudi.

Hajawahi kusema neno kuhusu tumbo langu. Mara moja alikuja kwetu akampikia shangazi pweza wa nazi, na kwangu akapakua sahani iliyojaa. Nilikula vijiko viwili, nikasema nimeshiba. Aliifunika ile sahani taratibu. Nilikuwa najikondesha kwa ajili yake, naye amesimama mbele yangu na chakula alichokipika kwa ajili yangu.

Laiti ningekula yote.

Sijui anaamini nini. Labda naye anasubiri Ijumaa, kama mtu anayesubiri barua kutoka wizarani. Kinachonitisha si wazee kurudisha posa. Kinachonitisha ni yeye kukubali kimyakimya, nami nibaki maisha yangu yote na jibu ambalo hakulisikia.

Yeye ndiye mtu pekee anayejua nani anaandika hapa. Kwa hiyo, Bakari, kama umefika mpaka mstari huu, haya ni maelekezo yangu.

Usipige simu mchana. Meza yangu iko katikati ya meza nne, na zote zina masikio. Usimpigie shangazi, atalia. Usimtume mshenga, yeye hubeba majibu tu, habebi maswali. Kesho Alhamisi omba ruhusa kazini, uvuke Pangani kwa kivuko cha asubuhi, upande gari la Tanga. Ukishuka stendi, chukua bajaji mpaka Raskazone, umwambie dereva akushushe karibu na shule, penye mabenchi ya saruji yanayotazama barabara. Hapo hupita watu wengi. Nimepachagua makusudi, watuone.

Natoka saa tisa na nusu. Kivuko kikichelewa nitangoja mpaka adhana ya magharibi. Njoo peke yako, bila zawadi. Uliza unachotaka, hata kile usichoweza kukitamka mbele ya wazee wako. Hata kama ni kibaya. Sitakasirika.

Wiki nzima watu wamenijibia. Njoo wewe uniulize, kisha unyamaze, nikujibu.