Nusu ya Kikwembe

Bijou, mutoto wangu,

Sombe ya kula iko ku moto ya mbabula. Umulishe mudogo yako Kunda, na usifungulie muntu mulango.

Leo asubui, tukiwa ku kazi ya salongo, mutaa muzima tunafagia njia, bakubwa ba commune balipita banamwanga pubele ya takataka ya kila nyumba. Mu yetu balikuta kikwembe ya parti yenye sura ya Président. Nilikuwa napanguzia nayo masizi! Baba yako akasema ni yeye aliitupa. Bakamubeba. Lakini ni mimi, Bijou. Naenda kubaambia.

~~Nitarudia mangaribi.~~ Nikikawia, muende kwa tantine yenu Amida.

Nusu ingine ya ile kikwembe nilishonea muto ya kulalia ya Kunda. Ifumue, uifule, upige pasi. Usiitupe! Bakikuya hapa, bakukute umeivaa.

Mama yako